Msumeno Usio na Mluzi

Muuzaji alikuwa na masharubu, na mimi mtu mwenye masharubu simwamini. Maneno yake yanapita kichakani kabla ya kukufikia, na yakifika yameshapungua. Huyu, mbali na masharubu, alikuwa amevaa tai, tena nyekundu, ndani ya duka lenye vumbi la chuma mpaka kwenye dari. Nikampa jina la Tai palepale moyoni, na mpaka leo sijui jina lake jingine.

"Karibu, mzee wangu," alisema. Au nadhani alisema hivyo. Wauzaji wote husema hivyo.

Nilikuwa nimefuata msumeno. Simaanishi ule wa mkono wa seremala. Nilitaka ule wa umeme ambao bledi yake imechomoza mbele, inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi, inakata mbao, misumari na bomba kwa mpigo mmoja bila kubagua. Sisi kazini tunauita nenda-rudi. Kazi yetu ni kubomoa. Wanaojenga hupigwa picha, sisi tunaitwa jengo likishachokwa. Nenda-rudi wetu wa siku zote ulikuwa umetoa moshi Jumanne na kufa mikononi mwangu, na mbele yetu kulikuwa na kiwanda cha zamani cha sabuni, kuta zake za ndani zote za mbao nene, pande mbili, katikati mabomba na nyaya. Ukuta wa namna hiyo hauendewi na msumeno legelege.

Miaka thelathini na moja nimebomoa, na mafundi wananiita Sikio. Jina nimelipata kihalali. Wengine wakienda kununua mashine wanasoma wati kwenye kibandiko, na kibandiko kaandika nani kama si huyo huyo anayeuza? Mimi nasikiliza. Mota nzima ukiiwasha, juu ya ule mngurumo wake kuna mluzi mwembamba, kama mtu anayejipigia mluzi chumba cha tatu. Mota ya kufoji haina. Nimewaepusha watu wengi na hasara kwa sikio hili, na wengine hawakusema hata asante.

Siku hiyo nilikuwa na binti yangu. Ni fundi umeme, ana miaka ishirini na minane, na kazini wanamwita Koleo kwa sababu akishika jambo haachii. Hilo kalirithi kwa mama yake. Kila ukuta tunaufanya mimi na yeye: mimi upande huu na msumeno, yeye upande wa pili, anahakikisha nyaya hazina moto na hakuna mtu aliyeegemea. Hatuonani, kwa hiyo tuna desturi. Nagonga ukuta mara tatu, napiga hodi. Kukiwa salama ananijibu, "Karibu." Kukiwa bado ananijibu, "Subiri." Desturi hiyo niliianzisha mwenyewe, baada ya fundi mmoja kukata ukuta na bledi ikarudi na kipande cha suruali ya mwenzake. Watu hucheka wakisikia tunabisha hodi kwenye nyumba tuliyokuja kuivunja. Wacheke tu. Bledi ikimaliza mbao hutokeza upande wa pili shibiri nzima, na upande wa pili ndiko aliko mtoto wangu wa pekee.

Basi Tai akapanga misumeno mitatu kwenye kaunta. Alianza kuisifu, na Koleo akawa ananirudia kila neno, karibu na uso wangu, kama mkalimani. Hilo nalo lilinikera. Nani alimwambia nahitaji mkalimani?

"Huu wa tatu ndio wenye nguvu kuliko yote," Koleo alisema. "Kila pigo bledi inakwenda mbali zaidi, kwa hiyo inakula mbao haraka. Ndani una uzani unaokwenda kinyume na bledi, mikono haifi ganzi. Na angalia kiatu chake, Baba."

Kiatu ni kile chuma cha mbele unachokigandamiza ukutani wakati wa kukata. Akakisukuma kwa kidole gumba na kikasogea.

"Ukikileta mbele, bledi inatokeza kidogo tu upande wa pili. Tuchukue huu."

Haraka hiyo ilitoka wapi? Mtoto niliyemfundisha mimi mwenyewe kwamba msumeno hauchaguliwi kwa maneno, leo anachagua kabla haujawashwa.

"Washa," nikamwambia Tai.

Akawasha wa kwanza. Ukanguruma. Nikainamisha kichwa, nikafumba macho, nikasubiri mluzi. Hakuna. Wa pili, hakuna. Wa tatu, ule wa kiatu, ulinguruma mpaka misumari ikacheza kwenye visahani vyake, lakini mluzi hapana. Nikaweka hata sikio juu ya mgongo wa mashine. Ulikuwa mngurumo mtupu, kama mtu aliyejaza maji mdomoni.

"Unauza vitu vya kufoji," nikamwambia.

Masharubu yake yakatikisika. Alisema kitu kirefu, nikaokota "mzee wangu" peke yake. Nikamwachia Koleo abishane naye, nikaenda kwenye rafu ya bledi kujipoza hasira. Pale angalau mambo ni wazi: meno machache makubwa ni ya mbao, meno mengi madogo ni ya chuma, na zile za mbao yenye misumari ziko katikati. Nilikuwa nahesabu meno nilipohisi duka limetulia kwa namna isiyo ya kawaida. Nikageuka. Watu wote walikuwa wananitazama mimi. Mama mmoja aliyekuwa ameshika ndoo ya rangi alikuwa ameiweka chini ili anitazame vizuri. Koleo alikuwa hatua tatu nyuma yangu, amejiziba mdomo kwa kiganja.

Nikapapasa suruali. Zipu ilikuwa imefungwa.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, Baba."

Lakini yeye na Tai walitazamana. Mimi si mtoto, nayajua macho ya watu waliokwisha kukubaliana jambo. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa naligeuza kichwani. Ama Tai kamwahidi mwanangu cha juu kwenye bei, ama Tai anamtaka mwanangu, na sijui lipi lilinichefua zaidi. Mkwe mwenye masharubu, sitajua anasema nini mpaka naingia kaburini.

Nyumbani nako hakukuwa na amani. Siku hizo kila mtu ndani ya nyumba yangu alikuwa ananong'ona. Mke wangu ananong'ona jikoni, jirani ananong'ona dirishani, hata msoma habari wa redio alikuwa ameanza kumumunya. Nikiongeza sauti, mke wangu anapunguza. Jioni hiyo nikamuuliza kuna siri gani humu ndani ambayo mwenye nyumba hapaswi kuisikia.

Alikuja akasimama mbele yangu, akanishika kidevu kama anavyoshikwa mtoto anayekataa uji.

"Sikio la kufa halisikii dawa," alisema.

"Usinitukane kwa jina langu."

"Sijakutukana, mume wangu. Nenda hospitali ukapimwe masikio. Mwanao amekwambia, mimi nimekwambia. Unangoja uambiwe na nani?"

Ni kweli Koleo alikuwa ameshaniambia mara mbili, na mara zote mbili nilimjibu vibaya. Kwani hospitali wangefanya nini? Wangeandika karatasi. Na mbomoaji aliyeandikwa kwenye karatasi kwamba hasikii, nani atamkabidhi ukuta? Msumeno ungehamia mkono gani? Ungehamia kwa yule anayesimama upande wa pili. Kikulacho ki nguoni mwako. Niliuwaza usemi huo juu ya damu yangu mwenyewe, na sikuona haya.

Kesho yake nilimfuata jamaa mmoja anayeuza mashine kuukuu kwenye banda la mabati. Huyo nilimpenda hapohapo. Hana ndevu hata moja, na anaongea kwa kupayuka, mdomo wazi, kila neno linatoka na mifupa yake. Alinitolea nenda-rudi mzito kama mtoto wa ng'ombe, kiatu kimeshikwa na kutu hakisogei mbele wala nyuma. Akawasha.

Mluzi. Mwembamba, mkali, ukanichoma mpaka kwenye fizi. Siku nyingi sikuwa nimeusikia. Nusura nimkumbatie yule bwana.

"Baba, huo sio mluzi wa mota," Koleo alisema. Alikuwa amekuja mbele yangu ili nimwone. "Ni beringi imekauka. Inalia kwa sababu inakufa."

"Na ile mitatu ya bwana wako Tai?"

"Sio bwana wangu. Na yote mitatu ilikuwa na mluzi, Baba. Yote. Niliusikia tangu mlangoni."

Nikacheka. Nikamwambia aliyempa jina la Koleo alikosea, angemwita Kasuku, maana anarudia alichofundishwa na muuzaji. Yule bwana wa mabati alicheka pamoja nami. Koleo hakucheka. Alibeba upande mmoja wa ule mzigo mpaka kwenye gari.

Jumatatu asubuhi tulianza kiwanda cha sabuni. Harufu ya sabuni ilikuwa bado imo kwenye mbao, baada ya miaka yote ile. Koleo alikuja amevaa koti lake la kazi la bluu, lile lenye kiraka kwenye kiwiko ambacho mama yake alikishona kwa uzi mwekundu kwa kukosa wa bluu. Alipima nyaya upande wangu, akaniwekea alama ya chaki pa kukata, akazunguka kwenda upande wa pili.

Nilipanga miguu, nikainua msumeno. Nikagonga mara tatu.

"Hodi."

Akajibu, "Karibu."

Nilisikia Karibu. Ningeapishwa siku hiyo, ningeapa.

Nikabonyeza. Ile mashine ililia na kuruka, nikaigandamiza kwenye alama, bledi ikaingia. Ilikula ubao wa kwanza vizuri, nikaanza kumcheka Tai moyoni. Ikaingia ubao wa pili. Halafu ikashika kitu. Mkono wa mbomoaji unajua: mbao inasukuma, chuma kinarusha, lakini nguo inavuta. Nguo inajisokota kwenye meno na kukuvutia kwake. Ile bledi ilinivuta.

Niliachia kitufe. Sijui msumeno niliuweka wapi. Nakumbuka nilikuwa nakimbia kwenye ukumbi, namwita mwanangu kwa jina lake la utotoni ambalo hakuna anayelitumia tena. Niliahidi mambo mengi kati ya mlango ule na mlango wa pili. Nilimwahidi Mungu masikio yote mawili.

Ukutani kulikuwa na koti. Lilikuwa limetundikwa kwenye msumari, sawasawa na pale anaposimama siku zote, mkono wa kushoto umening'inia juu ya alama yangu. Bledi ilikuwa imepita hapo hapo, kwenye ukingo wa kiraka, na nyuzi nyekundu zimesambaa sakafuni.

Ndani ya koti hamkuwa na mtu.

Koleo alikuwa mwisho wa chumba, karibu na dirisha, amebaki na fulana. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. Alingoja nifike mbele yake.

"Nilisema subiri," alisema. "Nikasema tena. Mara ya tatu nilipiga kelele, Baba."

Ningependa kusema nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Kitu cha kwanza kilichonitoka kilikuwa hasira, kwa sababu hofu ilikuwa nyingi na haikupata mlango mwingine.

"Umenitega. Mimi baba yako, umenitegea mtego kama panya."

"Ndiyo, nimekutega. Kwa mdomo nimekwambia mara ngapi? Pale dukani nilikuita mara tano ukiwa kwenye rafu. Mara tano, niko hatua tatu nyuma yako. Duka zima liligeuka isipokuwa wewe."

Nikakumbuka yule mama na ndoo yake ya rangi. Nikakumbuka zipu.

"Nilisikia Karibu," nikamwambia. Nilikuwa bado nang'ang'ania.

Alijifuta uso kwa kiganja. Halafu akageuka, akautazama ukuta, akanipa kisogo. Niliona mabega yake yakipanda na kushuka, nikasikia sauti yake, maana sauti naipata. Akanigeukia.

"Nimesema nini?"

"Karibu."

"Nimesema subiri."

Akageuka tena.

"Na sasa?"

Nilifikiri. Hebu ona hilo, nilifikiri. Mtu anayesikia hafikiri. "Subiri," nikasema.

"Karibu, Baba."

Tulifanya hivyo mara kadhaa, na nikapata mara moja, kwa kubahatisha. Maneno mawili niliyoyachagua mimi, kwa kinywa changu, ili yalinde watu. Ukiyatoa vichwa na mikia yanafanana kama mapacha, katikati yamebeba i ileile, na ndiyo hiyo i tu iliyokuwa inanifikia, mengine nikijijazia mwenyewe. Na mimi siku zote najijazia ninachotaka.

Nikakaa chini kwenye vumbi la mbao. Nililivuta lile koti kutoka msumarini, nikaingiza mkono wangu kwenye mkono wake, vidole vikatokea pale palipokatwa.

"Ni mara ya kwanza?" nikamuuliza. Nilimwangalia mdomo alipojibu, na nilijua kwamba namwangalia mdomo, na kwamba nimekuwa nikiwaangalia watu midomo kwa muda mrefu.

"Hapana. Mwezi uliopita mara mbili. Nilisema subiri, ukawasha." Alikaa chini mbele yangu. "Tangu hapo huwa naondoka ukutani kwanza, ndipo nakujibu. Sikuwaambia mafundi. Sikumwambia hata mama mambo ya ukutani."

Mwezi mzima. Mwezi mzima mimi nilikuwa namshuku yeye, nahesabu nani kamwahidi nini, na yeye kila asubuhi anakwenda kusimama upande wa pili wa ukuta wangu, ananifichia aibu, anahama hatua nne, anajibu. Niliona haya ambayo sijapata kuona maishani. Nilimwomba msamaha. Nilimwomba vizuri, kwa sauti, mara mbili, maana sikuwa na hakika kama ile ya kwanza ilitoka.

"Kiatu," alisema. "Ule msumeno wa tatu una kiatu kinachosogea. Ungekuwa umekivuta mbele, bledi isingefika kwenye koti."

Akishika jambo haachii.

Mchana huohuo tulirudi kwa Tai. Nilikuwa na vumbi mpaka kwenye kope, na koti lililokatwa nimelikunja kwapani. Aliponiona alisogea nyuma ya kaunta, na sikumlaumu. Nikamwomba auwashe ule wa tatu.

Ukanguruma, misumari ikacheza kwenye visahani. Sikufumba macho, wala sikuinamisha kichwa. Nilimtazama mwanangu.

"Una mluzi?"

"Unao, Baba."

Miaka thelathini na moja sijawahi kununua mashine kwa neno la mtu. Nikatoa pesa, nikaziweka kwenye kaunta. Koleo akaukamata msumeno yeye, akaupima kwa mikono miwili, akakisogeza kile kiatu mbele na nyuma, na mimi sikusema lete hapa.

Tai alinipa risiti. Kisha akaegemea mbele na kusema kitu, chini ya yale masharubu, huku anatabasamu. Zamani ningeitikia ndiyo ndiyo, niondoke, na wiki nzima nikae najiuliza kanitukana nini.

"Rudia, mwanangu," nikamwambia Tai. "Sikusikia."